Taya la Bwana Rula

Nusu ya mdomo wangu wa chini, upande wa kulia, ilihama bila kuaga. Iliondoka siku niliyowekewa jino la skrubu, na mpaka leo haijaleta hata salamu. Nikinywa chai inanitiririka kidevuni huku nikicheka na watu, sina habari. Nikitafuna najing'ata, na najua tu nikiona damu kwenye kijiko. Wajukuu wadogo wanasema, "Bibi anadondosha!" Wakubwa hawasemi kitu. Wananisogezea kitambaa kimyakimya, na hapo ndipo panapouma.

Aliyenifanyia hivyo ni daktari wa meno mwenye jengo la vioo kwenye barabara kuu. Jina lake lipo, lakini mimi namwita Bwana Rula. Kabla ya kunichimba taya alinisimamisha kwenye ile mashine inayozunguka kichwa, ikatoa picha ndefu ya meno yote, utadhani fuvu linachekea wageni. Akaibandika kwenye kioo chenye taa, akachomoa mfukoni rula ya plastiki, ileile ya watoto wa shule, akapima kutoka juu ya mfupa mpaka kwenye kivuli cha mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya.

"Milimita kumi na nne," akasema. "Tunaweka skrubu ya kumi na mbili. Nafasi tele."

Mimi nimeshona sare za shule miaka arobaini. Kupima ndiko kulikonilisha. Nikamuuliza, "Daktari, hiyo picha ni saizi yangu kweli, au imekuzwa? Maana hata picha yangu ya harusi ilinitoa mnene kuliko nilivyokuwa."

Akamtazama muuguzi, wakacheka. "Bibi, mimi nina jicho. Wewe lala."

Nikalala. Ganzi ilikuwa imeshika vizuri, lakini keekee yake ya kutoboa mfupa ilipofika chini kabisa nilipigwa kama na waya wa umeme, kutoka kwenye taya mpaka kwenye kidevu. Nikaruka. Akaniambia nitulie, nisimharibie kazi.

Nilirudi kwake mara tatu kumwambia mdomo umekufa. Mara ya kwanza alisema ni uvimbe. Mara ya pili akasema ni uzee, mishipa nayo huchoka. Mara ya tatu nilipiga kelele pale mapokezi mbele ya wagonjwa wake wenye viatu vya kung'aa, na hilo hakulisahau. Alimwandikia mwanangu barua yenye nembo juu na muhuri chini. Ilisema mama yenu anaonyesha dalili za akili kuchoka, anahisi vitu visivyokuwepo, ni vyema asiachwe peke yake.

Nahisi vitu visivyokuwepo! Mimi ambaye shida yangu yote ni kutohisi vilivyopo.

Mwanangu ni mtu mwema, na wema wake ndio ulioniponza. Aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaanza kunitunza. Kwanza alichukua mikasi yangu yote. Halafu cherehani, eti nitajidunga. Halafu akanikataza kuvuka barabara peke yangu, mimi niliyemvusha yeye barabara hiyohiyo akiwa na kamasi puani. Mwisho akaleta habari yenyewe: mwezi ukiisha nitahamia chumba cha nyuma nyumbani kwake, na nyumba yangu itapata wapangaji.

"Ni kwa faida yako, mama," akasema, akinipapasa mkono kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkorofi.

Nyumba ile niliijenga kwa sketi na kaptula. Nilimtazama mwanangu nikaona hana kosa. Kosa lilikuwa ndani ya ile barua, na barua ilikuwa na mwenyewe. Nikaapa kwamba nitamfanya Bwana Rula aitapike kwa kinywa chake, na mwanangu akiwa hapohapo anasikiliza. Kama si hivyo, nakwenda kufia chumba cha nyuma nikisogezewa vitambaa.

Mahali pekee niliporuhusiwa kwenda ni kwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyohuyo. Yeye ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ndogo ya daktari mwanamke tunayemwita Daktari Mpole, kwa vile hata akikung'oa jino anakuomba samahani yeye. Mwanangu alinishusha hapo kila asubuhi, na kila saa sita kamili alikuja kunichukua, kama mtoto wa chekechea.

Karakana inanuka nta na plasta. Ukutani kuna rafu ya mataya ya plasta yamepangwa mistari, kila moja na namba ya mgonjwa. Kwenye kona kuna mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, na juu ya meza kuna kompyuta ya mtumba ambayo feni yake inakoroma.

"Mke mwenza," nilimwambia mjukuu wangu siku ya kwanza, maana ndivyo tunavyoitana tangu akiwa mdogo, "hiki kidude kinaumwa pumu."

"Kiache, Bibi. Hicho ndicho kinachonipa kula."

Akanionyesha. Mgonjwa anapigwa picha kwa skana, mashine inayolionyesha taya vipande vyembamba, kama mkate. Picha zinaingia kwenye kompyuta, na programu inavipanga vipande upya hadi taya lote linasimama kwenye kioo cha kompyuta. Unaligeuza utakavyo. Unaweka humo skrubu ya kuigiza, unaangalia imekaa wapi, isipokupendeza unaihamisha, na hakuna aliyetoka damu. Ikikaa sawa, mashine inachapa kigezo cha plastiki chenye tundu, daktari anamvalisha mgonjwa mdomoni, na keekee inapita kwenye tundu hilo, haiendi kulia wala kushoto.

"Na programu hii umeinunua kwa nani?"

"Sijainunua. Ni programu huria. Watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza wakaiachia, kila mtu aichukue."

"Bure?"

"Bure. Na ilivyoandikwa ndani pia wameacha wazi. Anayejua anafungua, anaangalia, akiona kosa anarekebisha."

Hapo nikaelewa. Ni kama gauni unaloruhusiwa kuligeuza ndani nje ukatazama mishono. Fundi anayekukataza kugeuza gauni, kuna mahali amebandika gundi.

"Lakini yenyewe inasema wazi, Bibi, kwamba haina cheti cha kutibia watu. Daktari ndiye anayebeba dhamana. Kwa hiyo sisi tunapima, tunapima tena."

Na kweli walipima. Kabla ya kumgusa mtu yeyote, walichukua taya la mbuzi kwa muuza nyama, wakalipeleka kwenye skana, wakalipima ndani ya programu, halafu mjukuu wangu akalikata kwa msumeno palepale alipopima na kulipima tena kwa kipimo cha chuma cha fundi. Namba zikalingana. Taya lile bado liko rafuni. Linaitwa Profesa.

Bwana Rula alizisikia habari hizi, akacheka katika kikao cha madaktari wa meno. Daktari Mpole mwenyewe alitusimulia. Bwana Rula alisema kliniki za uchochoroni sasa zinapanga upasuaji kwa vitu vya kuokota. Yeye ana programu ya maana, ya gharama, yenye sanduku. Na ni kweli anayo. Sanduku lipo kwenye kabati la vioo pale mapokezi. Nililiona kwa macho yangu, nailoni yake haijachanwa.

Basi Daktari Mpole akanipeleka nami kwenye skana, na taya langu likasimama kwenye kioo. Mjukuu wangu akalipima, akalipima tena. Mfupa juu ya mshipa ulikuwa milimita kumi na moja. Skrubu kumi na mbili. Ile picha ndefu ya Bwana Rula inakuza vitu, karibu robo nzima, na kila anayeitumia anatakiwa kupunguza kabla ya kuamini rula. Hakupunguza. Ncha ya skrubu ilikuwa imekaa ndani ya mshipa wangu kama mgeni aliyekataa kuondoka.

"Tukiitoa?" nikauliza.

Daktari Mpole akanishika bega. "Mwaka na nusu umepita, mama. Nikiitoa leo naweza kuharibu zaidi, na mshipa hautaamka. Samahani sana."

Alimwandikia Bwana Rula kumweleza. Hakujibiwa. Na mwanangu nilimwita, nikamwonyesha palepale kwenye kioo. Akaegemea mlango, akatazama ile kompyuta inayokoroma, akamtazama binti yake kwa huruma.

"Mwanangu, usimtie bibi yako moyo kwa mambo haya. Daktari mwenye mashine zote za mjini amesema. Ninyi mna kitu cha bure."

Basi. Kitu cha bure hakikuaminiwa kunitetea. Nikasema sawa, kitanitetea kwa njia nyingine.

Nilimwambia mjukuu wangu anifundishe. Hakutaka, nikamsumbua kama nzi mpaka akachoka. Kazi aliyonipa ni ya kuchora mshipa wa fahamu. Unapita kipande kwa kipande, unatafuta kijitundu cheusi chenye ukingo mweupe, unaweka nukta nyekundu katikati, unaenda kipande kinachofuata. Nukta mia, mia mbili. Vijana wanachoka wanaruka vipande. Mimi nimetia vifungo elfu na elfu, siruki. Na kuna mtu gani anauchunga mshipa wa mwenzake kuliko mimi? Taratibu ya pale ni kwamba watu wawili wanachora kila mmoja peke yake, halafu zinalinganishwa. Tangu nilipoanza, mchoro wangu haukuwahi kurudishwa.

Sasa sikilizeni jinsi alivyojileta.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kuhamishwa kwangu. Mlango wa nyuma ukagongwa, akaingia mtu amevaa kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Akaivua. Bwana Rula! Jino la chini kulia, la sita, lilipasuka mpaka kwenye mzizi, wenzake wakaling'oa. Pengo limeshapona, anataka skrubu. Na hakutaka kuwekewa kwenye jengo lake la vioo.

"Pale nina vijana," alimwambia Daktari Mpole, akishusha sauti. "Wazuri, nimewafundisha mwenyewe. Lakini... wanatumia zaidi jicho."

Mimi nilikuwa kwenye kona nafuta plasta. Nusura niangushe Profesa. Kwa mataya ya watu jicho linatosha, taya lake linataka kompyuta!

"Una programu yako, daktari," akasema Daktari Mpole, kwa ule upole wake.

"Leseni imeisha," akajibu haraka. Ndipo akaniona. "Huyu bibi yuko hapa? Aa, mmemtafutia shughuli. Vizuri. Inasaidia kumbukumbu." Akaniinamia na kupaza sauti kama ninavyoongeleshwa na wajinga wote. "BIBI HUJAMBO? UNAPANGUSA MENO?"

"Sijambo, daktari," nikasema, na chozi la udenda likanishuka upande wa kulia, nikaliacha lishuke. "Napangusa."

Akapigwa picha kwenye skana kesho yake. Faili lake likaja, mjukuu wangu akachora mshipa, mimi nikachora wangu, tukalinganisha: sawa. Mpango wake ukapangwa vizuri, skrubu fupi, umbali salama. Akaambiwa aje Jumanne saa sita kasorobo auone na kuutia sahihi.

Usiku wa Jumatatu nililala kama mtoto. Sikuwa na haja ya kuwaza. Nilikuwa nimeshakata kitambaa, kilichobaki ni kushona.

Wazo jingine lilikuwa limenijia kabla ya hapo. Ningeweza kuzisogeza nukta zake. Milimita tatu tu, na mdomo wake ungekwenda ulikokwenda wangu. Nasema kweli, nilishika kipanya nikalitazama wazo hilo kwa dakika nzima, na lilikuwa tamu. Lakini mchoro wa pili ungenisuta, na aibu ingemwangukia mjukuu wangu. Tena mdomo wake uliokufa ungenifaa nini? Mimi niliutaka ukiwa hai, unasema.

Jumanne ikafika. Daktari Mpole alikuwa ndani anamalizia mgonjwa. Bwana Rula akaja, akaketi kwenye stuli mbele ya kompyuta. Mjukuu wangu akafungua faili, halafu kengele ya mashine ya kuchapa ikalia, akaenda kusafisha kigezo kilichotoka, maana kikikaa na ile gundi yake kinaharibika. "Nisubiri kidogo, daktari," akasema, akaingia chumba cha kuoshea.

Mimi nikasogea, nikakaa kwenye kiti chake.

"Wee Bibi, usiguse hapo."

"Nimeambiwa nikuonyeshe, daktari. Mimi ndiye ninayebonyeza."

Mlango wa mbele ukafunguka. Sita kamili, mwanangu, funguo za gari mkononi. "Mama, twende."

"Keti, baba. Namalizia na daktari hapa."

Alipomwona ni daktari gani, alivua kofia akaketi kwa heshima. Nami nikabonyeza.

Niliyoifungua haikuwa picha ya Bwana Rula. Ilikuwa yangu. Asubuhi niliandaa kila kitu: kipande kimoja tu, taya limekatwa wima, jino la sita la chini kulia, sawa na lake. Kipande kimoja cha mfupa hakina sura. Juu ya skrubu yangu ya chuma nilikuwa nimelaza skrubu ya kuigiza, ya buluu, ikaifunika yote. Jina la mgonjwa nimelificha kwa kupunguza dirisha.

Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Chuma cha kweli, ukikipiga picha kwenye skana, kinarusha miale myeupe pande zote. Skrubu ya kuigiza hairushi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hilo. Bwana Rula alisogeza uso, akakunja pua.

"Mbona picha ina miale hivi?"

Nikainua mabega. "Vitu vya bure hivi, daktari."

"Ndiyo maana," akasema. "Takataka."

Akaingia mtegoni mzimamzima, na mimi nikafunga mlango nyuma yake.

Alitazama juu ya mfupa, akashuka na ile silinda ya buluu polepole kwa kidole, mpaka chini, mpaka kwenye nukta nyekundu. Kidole kikaganda. Nukta ilikuwa ndani ya silinda.

"Hii nini?"

"Mpango wako, daktari. Skrubu ya kumi na mbili. Nafasi tele."

"Nafasi wapi! Imeingia kwenye mshipa! Huoni? Imeingia ndani kabisa!" Akasimama, stuli ikaanguka. "Nani amepanga hivi? Ni mchinjaji gani huyu?"

"Ina shida, eti?" nikauliza, kwa sauti ya kichovu kabisa. "Mimi sijui, mimi napangusa tu. Mtu akiwekewa hivi inakuwaje?"

"Inakuwaje? Mdomo unakufa ganzi! Upande huu wote, mpaka kidevu!" Akajishika mdomo wake mwenyewe. "Akinywa kitu kinamwagika, hajui. Anajing'ata, hajui. Anatokwa udenda mbele za watu kama... kama..."

Hakumalizia. Mwanangu alikuwa ameshaanza kunitazama.

"Lakini, daktari," nikasema, "mbona huyo mtu akirudi kulalamika mwaka mzima, unaweza kumwambia ni uvimbe?"

"Uvimbe gani wa mwaka mzima!"

"Basi ni uzee. Mishipa imechoka."

"Uzee hauui nusu ya mdomo, Bibi! Hata angekuwa na miaka tisini! Hii ni kazi ya mkono wa mtu. Aliyefanya hivi amepima vibaya, na anyang'anywe leseni leo hii, kabla hajaua wengine!"

"Umesikia, baba?" nikamwambia mwanangu bila kugeuka.

Nikabonyeza kitufe cha kuficha. Silinda ya buluu ikatoweka. Chini yake ikabaki skrubu nyeupe, ya chuma, yenye miale yake yote. Nikapanua dirisha. Jina likajitokeza juu.

Mwanangu akaja taratibu, akaegemea nyuma ya kiti changu, akasoma jina kwa sauti. Akasoma na umri. Halafu akasema, "Huyu ni mama."

Bwana Rula alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama udenda wangu. Nilimwona akikumbuka rula yake. Uso wa mtu mnene ukipotewa na damu unafanana na plasta kabla haijakauka.

"Mmenitega," akasema.

"Nimekutega," nikasema. "Mimi, mwenye akili iliyochoka. Hawa wengine hawamo."

Na kweli hawakuwamo. Mjukuu wangu alitoka na kigezo mkononi kikidondosha maji, akakuta hali ile, akaelewa mara moja. Sijawahi kumwona na hasira vile. "Bibi! Faili la mgonjwa mwingine? Mbele ya mgonjwa?"

"Mgonjwa mwingine ni mimi, mke mwenza. Nimejipa ruhusa."

Daktari Mpole naye akatoka, na kwa mara ya kwanza hakuomba samahani. Alinisema mbele ya wote, kwamba siku nikirudia mchezo ule nisikanyage tena karakana yake. Nikainamisha kichwa kwa adabu. Kila neno lilikuwa haki yake, na hakuna hata moja lililonipunguzia utamu.

Kisha akamgeukia Bwana Rula, akamsogezea karatasi na kalamu. "Nilikuandikia, daktari. Hukunijibu. Jibu sasa."

Alikataa. Akasema ana haraka. Mwanangu, yule mwema, akaenda kusimama mlangoni akauegemea kwa mgongo, funguo za gari zikilia mkononi mwake. Bwana Rula akaketi.

Aliandika. Mwanangu akasoma kwa sauti: "Huenda kipandikizi kimegusa mshipa..."

"Futa huenda," nikasema.

Akafuta. "Kipandikizi kimegusa..."

"Hukusema kimegusa. Ulisema kimeingia ndani kabisa. Ulipiga kelele, tulisikia wote."

Akaandika upya. Karatasi tatu alizichana. Ya nne ilisema kwamba alipima kwa rula juu ya picha iliyokuzwa, kwamba skrubu imeingia kwenye mshipa, kwamba ganzi si uzee, na kwamba maneno yake juu ya akili yangu aliyaandika bila kunipima. Sahihi, tarehe. Nikamwambia mwanangu, "Soma tena." Akasoma tena. Nikamwambia, "Tena." Kabla hajamaliza akaja kupiga magoti mbele ya kiti changu, mtu mzima wa miaka hamsini, akasema, "Nisamehe, mama." Nikamwambia tutazungumza, kwanza arudishe cherehani na asahau habari ya wapangaji.

Mngedhani Bwana Rula alikimbia akaenda zake asirudi. Angekwenda wapi? Mjini kote wanaoweka skrubu ni wanafunzi wake, kila mmoja ana rula mfukoni. Siku nane baadaye aligonga tena mlango wa nyuma.

"Nani alichora mshipa wangu?" ndilo swali lake la kwanza.

"Watu wawili," akasema Daktari Mpole. "Fundi na Bibi."

"Achore mwingine."

"Hapa hakuna mwingine. Na mimi mwenyewe nimekagua kila nukta."

Alinitazama. Nikamchekea kwa nusu ya mdomo niliyonayo. Sikusema nimechora vizuri, wala sikusema nimechora vibaya. Nukta zile zilikuwa katikati kabisa, nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka, lakini hilo lilikuwa langu na kompyuta.

Alilala kwenye kiti. Akachomwa ganzi, akavalishwa kigezo, keekee ikapita kwenye tundu. Nusu saa, kazi imekwisha, safi kama mshono wa mashine. Daktari Mpole akamwambia apumzike kwenye benchi mpaka ganzi iishe, muda wa saa tatu hivi.

Nikaenda kuketi karibu naye.

Alikuwa anajibonyeza mdomo wa chini, kulia. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza. Anautazama ukuta wenye saa. Yeye ndiye daktari, amewachoma watu ganzi maelfu, anajua kwamba huanza hivi kwa kila mtu, na huisha. Lakini anajua pia kwamba ganzi ya sindano na ganzi ya mshipa uliokatwa, katika saa tatu za kwanza, hazina tofauti hata kidogo.

"Bibi," akasema, maneno yakimteleza upande mmoja. "Zile nukta. Uliziweka vizuri, sivyo?"

"Zipi, mwanangu?"

"Bibi, tafadhali."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, na lilikuwa la kweli, na lingemtuliza palepale. Nililihisi ulimini, upande wangu mzima. Nikalimeza.

Nikasimama, nikachukua mkoba wangu. Nilihitaji uzi mweupe na sindano namba kumi na nne, na duka la vitambaa liko ng'ambo ya barabara kuu. Mjukuu wangu akauliza kama aje nami. Nikamwambia abaki, amwangalie mgonjwa.

Pale ukingoni mwa barabara nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikangoja lori lipite. Halafu nikavuka peke yangu, polepole, kwa kujidai. Sikugeuka nyuma.